Feni ya Stoo ya Rangi

Kurasini, Dar es Salaam
Jumatatu, 4 Julai 1994

Dada Swaumu, shikamoo.

Kwanza mama. Dawa zake za presha nimempa Nasri pamoja na barua hii. Mwambie asizichanganye na zile za zamani, na asimpe jirani hata kidonge kimoja, namjua. Mimi mzima, joto la huku nimelizoea ila mbu bado.

Sasa huo mzigo uliouona kwenye lori la Nasri, ambao najua umeshauzunguka mara tatu kabla ya kufungua barua, ndio jibu langu. Uliniandikia kwamba bwana afya amekupa miezi mitatu, na kwamba vumbi la maganda ya alizeti likizidi kuingia kwenye nyumba za watu atakufungia kinu. Hatakufungia. Hiyo ni feni ya meli, dada. Imetoka kwenye meli ya mizigo iliyokatwakatwa huku kwetu. Ilikuwa kwenye stoo ya rangi, kazi yake kuvuta mvuke wa rangi na wa tina ya kuyeyushia rangi usijae mle ndani. Beringi nimebadilisha kwa mkono wangu, mota nimeisuka upya. Chumba kile cha maganda kitakuwa cheupe, mtu aweze kuswali humo.

Hapa kazini mambo mazuri. Karakana imeuzwa kwa wenye mali wapya, wengi wamepunguzwa, lakini mimi nimebakizwa, tena wamenipa usimamizi wa zamu. Feni hiyo ni zawadi yao kwangu, nami nakupa wewe.

Nimemchorea kijana wako wa mashine namna ya kuifunga. Aelekeze mdomo kwenye bomba la bati, atoe vumbi nyuma ya kinu. Ukichungulia ndani utaona pete pana ya shaba imeyazunguka mapanga ya feni. Hiyo na kila kitu kingine msikiguse. Usiniulize kwa nini, haya mambo ni ya kiufundi, nikianza kuyaeleza nitamaliza daftari.

Msalimie Sijaona. Mwambie mjomba anasema mume anayeendesha lori asimsubiri na chakula cha moto.

Mdogo wako,
Amri Sultani


Singida mjini
25 Julai 1994

Amri, marahaba.

Wewe ulinitumia feni au uling'oa injini ya meli ukaipaka rangi? Watu sita wameibeba, na mmoja mpaka leo anatembea kama aliyemeza mchi. Urbano, kijana wangu wa mashine, aliutazama mchoro wako siku mbili nzima. Siku ya tatu akaifunga. Tulipoiwasha, kuku wote wa mtaa walikimbilia barabarani.

Lakini loo, mdogo wangu! Vumbi limekwisha. Nakuapia, nilikuwa nikitoka kinuni natema mate meusi, sasa natoka na ushungi wangu mweupe kama nilivyoingia. Bwana afya alikuja Jumanne, akasimama mlangoni na karatasi yake, akatafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano, akaondoka. Chupa ya mafuta niliyompa kaibeba kwapani. Mungu akuzidishie. Huo usimamizi wa zamu umeustahili, tangu utotoni ulikuwa unapenda kutuamrisha.

Harusi tumeshapanga, Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba, inshallah. Nasri anataka iwe kesho, Sijaona anajifanya hataki kabisa, basi mambo ni yale yale.

Kuna jambo moja linamnyima mama usingizi. Unazikumbuka zile bangili nne za shaba? Bibi alimvisha mama siku ya harusi, mama akanivisha mimi. Mwaka ule serikali ilipowasaka wahujumu uchumi nilizifukia shambani pamoja na sabuni na khanga, na nilipokwenda kufukua nikakuta sabuni tu, tena imeliwa na panya. Sasa mama anasema mwali wa ukoo wake hajawahi kutoka mikono mitupu, na bangili za dukani ni bati lililopakwa rangi. Anasema hivyo asubuhi, mchana na jioni. Mimi ndiye mwana wa pekee aliye karibu, kwa hiyo mimi ndiye ninayesemwa.

Usijali, nitajua la kufanya. Fundi wa kufua shaba bado yupo, mzee mmoja wa Iramba, mkono wake haujaisha.

Dada yako,
Swaumu


Singida
28 Agosti 1994

Kwa Fundi Amri Sultani,

Shikamoo. Hunifahamu kwa sura. Mimi ni Urbano, kwetu Kinampanda, ndiye mwendesha mashine kwenye kinu cha dada yako. Mchoro wako ulikuwa mzuri. Ninao mpaka leo, nimeubandika ukutani.

Naandika bila dada kujua, nakuomba unisitiri. Nina mke na watoto watatu na kazi mjini hapa hazipatikani. Dada ni mtu mwema, ila ukimwambia kitu asichotaka kusikia, anakufukuza kwanza halafu anakuita tena baada ya wiki. Mimi hiyo wiki siwezi.

Ile pete ya shaba imetolewa. Wiki mbili zilizopita dada alimleta fundi wa gereji, wakaifungua feni, wakaing'oa. Dada alisema lile ni pambo tu la Wazungu, na yeye ana haraka na shaba kwa ajili ya bangili za Sijaona. Mapanga yalipobaki na nafasi, feni ikawa haivuti vizuri. Yule fundi akachomelea chuma cha bapa mahali pa pete. Dada akafurahi, akasema sasa ndiyo imekuwa imara, maana chuma ni kigumu kuliko shaba.

Tangu hapo haina sauti yake ya mwanzo. Inakwaruza, siyo muda wote, hasa ikipata moto. Juzi umeme wa taa ulikatika mle ndani lakini mota ikawa inazunguka bado, na nikaona ndani ya bomba cheche nyekundu zinaruka. Chache, kisha zikaacha.

Mimi siyo fundi wa feni. Pengine ni kawaida. Ila uliandika kila kitu kisiguswe, ndiyo maana nimeona nikuulize. Kama ni kawaida, nisamehe kwa usumbufu.

Wako mtiifu,
Urbano


Kurasini, Dar es Salaam
9 Septemba 1994

Dada Swaumu, shikamoo.

Natumaini mama anaendelea vizuri na maandalizi yanakwenda. Nimekuandikia haraka kwa sababu ya jambo la kazini.

Hapa ofisini tumepokea taarifa kutoka kwa watengenezaji wa feni za aina ile. Wanasema kila aliye nayo aizime na kuikagua, hasa ile pete ya shaba iliyo ndani. Kama imelegea, au imetoka, au pamewekwa kitu kingine, feni isitumike hata dakika moja mpaka fundi aliyesomea aione. Mimi kama msimamizi nimepewa jukumu la kuwajulisha wote, na wewe umo kwenye orodha.

Kwa hiyo dada, nakuomba uizime. Siku chache tu. Nitaomba ruhusa nije mwenyewe. Najua msimu huu una kazi nyingi na harusi inakukimbiza, lakini taarifa ni taarifa, na mimi sipendi kuonekana nimewaarifu watu baki nikamwacha dada yangu.

Usikasirike. Nijibu upesi uniambie umezima.

Mdogo wako,
Amri


Singida mjini
24 Septemba 1994

Amri,

Marahaba. Ofisi ipi?

Nakuuliza tena, ofisi ipi hiyo iliyopokea taarifa? Nasri alipeleka mashudu huko Dar wiki iliyopita, nikampa kuku wawili na asali ya Mitundu akuletee. Akaenda Kurasini kwenye karakana. Geti lina kufuli na kibao kipya cha Kiingereza. Mlinzi akamwambia Amri Sultani alipunguzwa na wenzake tangu Juni, amtafute mtaa wa Gerezani. Akaenda Gerezani. Akakukuta umekaa kwenye kigoda kando ya barabara unatengeneza feni za mezani, jua linakupiga utosini. Hakukusogelea. Alisema aliona aibu kwa niaba yako, akawala wale kuku yeye na utingo wake.

Juni, Amri! Na wewe mwezi Julai unaniandikia kuhusu usimamizi wa zamu. Nimesimama mbele ya wateja wangu wote nikajisifu, mdogo wangu bosi, mdogo wangu Wazungu wamempenda. Kupunguzwa siyo wizi. Nusu ya wanaume wa nchi hii wamepunguzwa. Ungeniambia, ningekuita nyumbani, kinu hiki kina nafasi ya watu wawili wenye akili. Kwa nini unanifanya mimi mtu baki?

Halafu sasa unaniletea uongo wa pili, taarifa ya watengenezaji! Nimeusoma mara mbili nikaelewa. Maisha yamekubana, unataka nizime feni, wewe uje uikague, useme imeharibika, uirudishe huko ukaiuze. Kama unaitaka sema, Amri. Usizunguke kama paka anayetaka samaki.

Na kwa kuwa umeitaja pete mara nyingi hivyo, basi ujue. Nimeitoa. Yule mzee wa Iramba ameifua bangili nne, nzuri kuliko zile za bibi, na mama alipozishika alilia. Mahali pake nimeweka chuma. Umesikia? Chuma. Ninyi mliweka shaba laini kama embe bivu, mimi nimeweka chuma, na feni inakwenda usiku na mchana kwa sababu wakulima wa Ikungi wameleta gunia mia tatu na nataka kuzimaliza kabla ya harusi. Inapiga kelele kidogo. Hata mimi napiga kelele na sijafa.

Sijaona tumeshamweka ndani, anafundwa na somo wake, hatoki wala haonwi na mtu ila mimi na mama. Ananenepa tu huko chumbani. Amekuulizia. Sikumwambia kitu, nimeificha aibu yako.

Njoo harusini. Njoo mikono mitupu, hatutakuuliza. Lakini usinidanganye tena.

Swaumu


Singida
3 Oktoba 1994

Fundi Amri,

Shikamoo. Nimempa kondakta wa basi barua hii ili iwahi.

Nilitegemea ungejibu. Labda ulimjibu dada, maana kuna barua ilikuja akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema mbele yetu wote kwamba feni haizimwi kwa maneno ya mtu.

Sasa inakwaruza wakati wote. Beringi ya mbele imekwisha, ukishika mwili wa feni unatetemeka mpaka meno yanagongana. Cheche naziona kila siku mchana kweupe, kupitia tundu la bomba. Vumbi nalo limerudi, kwa sababu haivuti tena kama zamani, limejaa ukutani na juu ya mihimili unene wa kidole. Jana niliondoa maganda yaliyokuwa yamenasa kwenye bomba, ndani yake yalikuwa meusi na ya moto. Yalikuwa hayawaki. Yalikuwa yanafuka.

Nimeweka ndoo tatu za maji mlangoni. Dada aliniuliza za nini, nikasema za kunawa.

Swichi ya feni iko ndani ya chumba cha maganda, nyuma ya mlango, kama ulivyochora. Naomba unijibu mimi mwenyewe safari hii.

Urbano


TELEGRAMU
Dar es Salaam, 11 Oktoba 1994

SWAUMU SULTANI SINGIDA
ZIMENI FENI UPESI INATOA CHECHE MSIWASHE TENA NAKUJA
AMRI


Gerezani, Dar es Salaam
Jumanne, 11 Oktoba 1994

Dada yangu Swaumu, shikamoo.

Utakuwa umepata telegramu kabla ya barua hii. Nimepiga simu posta ya Singida mara tatu tangu asubuhi, mara ya tatu nikasikia sauti ya mtu anasema haloo haloo, kisha laini ikafa. Ndiyo nikatuma telegramu. Nimekaa kwenye ngazi za posta naandika.

Ni kweli nilipunguzwa. Ni kweli kigoda, ni kweli Gerezani. Nilikudanganya kwa sababu baba alipofariki ulikatiza masomo yako ili mimi nisome ufundi, na nilishindwa kukuandikia kwamba ufundi wenyewe umeishia barabarani. Hiyo taarifa ya watengenezaji niliitunga. Aliyeniambia habari za pete ni Urbano, na nakuomba usimguse, yeye ndiye mtu pekee kati yetu watatu aliyesema kweli.

Lakini jambo lenyewe siyo uongo, dada. Sikiliza, nakueleza leo kile nilichopaswa kukueleza Julai badala ya kujifanya mtaalamu. Kwenye stoo ya rangi ya meli hewa yenyewe inaweza kuwaka. Ndiyo maana feni zake huwekwa pete ya shaba. Beringi ikichakaa na mapanga yakagusa, yanagusa shaba, na shaba haitoi cheche. Chuma kikigusa chuma kinatoa. Ulaini ule uliouona ni ubovu ndiyo kazi yake. Na vumbi la maganda ya alizeti lina mafuta, likiwa jingi hewani linawaka mara moja lote, halitambai kama moto wa kuni. Kiberiti chako ni ile feni, na umeifunga ndani ya chumba kilichojaa vumbi.

Zima. Usimtume mtu kukagua. Zima umeme kwenye nguzo ya nje, siyo swichi ya ndani, kisha uwape watu wote likizo. Nakuja. Nimepata kipande cha shaba, kuna mtu atanikunjia Jumamosi. Nitapanda basi la Jumapili, Jumatatu niko kwako, naifunga upya mbele ya macho yako, halafu tunaingia kwenye harusi yetu.

Nichape ukitaka. Ila zima kwanza.

Mdogo wako,
Amri


Singida mjini
Ijumaa, 14 Oktoba 1994

Amri,

Barua hii anakuletea Nasri. Ametaka mwenyewe kuileta, tulimkatalia akatuzidi. Usimuulize kitu, na usimlilie. Mpe maji, isome barua ukiwa umemgeuzia mgongo, kisha mwache aondoke.

Telegramu yako ilifika Jumatano saa nne. Mimi sikuwepo, nilikwenda Ikungi kuwaomba wakulima wavumilie. Tarishi wa posta alimkuta mama kibarazani, akamkabidhi. Mama hasomi, lakini ile karatasi anaijua. Nyumba yetu imepata telegramu tatu tangu niolewe, na zote tatu zilikuwa za msiba. Aliye mbali ni wewe peke yako. Hakumwomba mtu amsomee. Alikaa chini palepale na kupiga ukelele kwa jina lako, na unaujua ukelele wa mama.

Watu wakaja. Hapa kwetu mtu haulizi, anakuja. Kinuni waliacha kila kitu kilivyo, mashine zinazunguka, wakavuka barabara kuja kutandika mikeka. Urbano naye. Anasema alijiambia msiba kwanza, nitarudi kuzima.

Sijaona alikuwa ndani. Alisikia bibi yake analia mjomba amekufa, akasahau kwamba ni mwali, akatoka na khanga moja, akaikuta karatasi mapajani mwa bibi akaisoma. Alisema siyo msiba, mjomba hajafa, amesema tuzime feni. Alisema mara nyingi, Urbano ananiambia. Nani wa kumsikia? Wanawake walikuwa wameshajaa uani na kila aliyeingia alianza upya. Akamshika Urbano mkono akamuuliza, umezima? Akamwambia bado. Hakumsubiri. Miaka miwili alishika mizani pale kinuni kabla ya kuposwa, swichi ile anaijua hata gizani.

Urbano alimfuata mbio. Alikuwa bado yuko barabarani alipomwona anafungua mlango wa chumba cha maganda.

Sitakuandikia zaidi ya hapo. Bati la kinu limekutwa kwenye uwanja wa shule. Urbano alimtoa. Mikono yake yote miwili imeungua, yuko hospitali, hawezi kushika kikombe. Sijaona aliishi mpaka saa kumi na moja jioni. Mimi nilifika saa kumi na moja na nusu.

Barua yako ya ngazi za posta imefika leo asubuhi. Ule mstari wa nguzo ya nje nimeusoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Telegramu ilikuwa na nafasi ya maneno hayo, Amri. Sikulaumu. Nakuandikia ninachokiona. Pete niliitoa mimi, na mimi ndiye niliyekubeza uliponiambia nizime. Ungeniambia Julai yale uliyoniambia Jumanne, ningeilinda ile shaba kama mboni ya jicho. Na mimi ningekuwa mtu wa kuambiwa, Urbano angenieleza mwenyewe mwezi Agosti. Tumegawana, mdogo wangu. Fungu lako na langu sijui lipi zito, na sina nguvu ya kupima.

Sasa nisikilize, maana sababu ya barua hii ni hili.

Mama hajui. Alipousikia mlipuko, wanawake walimwambia ni transfoma. Macho yake unayajua, moshi hakuuona. Jioni ile daktari alikuja kumpima akatuita nje, akasema moyo umechoka, msiba mmoja ameuvuka kwa shida, wa pili asiusikie. Wazee wakakaa na imamu. Wakasema mama akijua kwamba ulikuwa hai na akalia kifo, na kilio chake ndicho kilichowatoa watu kwenye mashine, na mjukuu wake ndiye aliyekwenda kuzima, hatafika kesho. Nilibisha. Nilisema sijawahi kumdanganya mama yangu. Kisha nikaingia ndani nikamwona amekaa kwenye mkeka anakutaja, anawaeleza watu ulivyokuwa unafungua redio ya baba na kushindwa kuifunga, na watu wanamwitikia. Nikakaa kando yake, nami nikamwitikia.

Sijaona tumemzika jana mchana. Kutoka hospitali tulimpeleka msikitini, kutoka msikitini makaburini. Hakupita nyumbani. Matanga yaliyopo hapa nyumbani ni ya kwako. Watu wanakuja kunipa mkono wa pole, wanalia kwa ajili ya mwanangu, na wanataja jina lako, kwa sababu mama amekaa pale anawasikiliza. Mtaa mzima unajua. Hata watoto wameambiwa, na hawajakosea.

Kuhusu Sijaona, mama anaamini yuko ndani na somo wake, na kwamba harusi imesogezwa kwa heshima yako. Jana usiku aliniambia nimpelekee mwali uji, maana watu wakiwa msibani wanamsahau. Nikaubeba ule uji mpaka chumbani, nikakaa humo mpaka ukapoa, nikatoka na bakuli tupu.

Kwa hiyo usipande basi. Najua Jumapili utakuwa umefunga begi na hiyo shaba yako imo ndani. Usije. Ukiingia kwenye mlango huu mama atafurahi kwa muda wa kuhesabu kumi, halafu atauliza matanga haya ni ya nani.

Mpaka lini, sijui. Mpaka Mungu atakapoamua, kwake au kwangu. Sijui hata ninamuombea nini.

Ukitaka kuniandikia, andika kwa jina la Urbano. Barua ikija na mwandiko wako juu ya bahasha, mama humpa jirani amsomee kabla sijarudi.

Dada yako,
Swaumu